Chombo Kilichochorwa na Barabara

Kwenye barabara kuu za Marekani, mzigo unaozidi upana wa mita 2.6 hauvutwi bila kibali maalumu. Sheria hiyo imechangia umbo la boti ndogo za tanga kuliko pepo zote za Pasifiki. Mbunifu anaweza kuota chombo kipana chenye mkuku mrefu na kitanda cha kujinyoosha. Mwisho wa yote anarudi kwenye kipimo cha lami.

Frank Butler, aliyebuni Catalina 22 huko California mwaka 1969, alikielewa kipimo hicho vizuri. Boti yake ya faiba ina urefu wa mita 6.5 na upana wa mita 2.3. Mkuku wake ni wa chuma, una uzito wa kilo 250 hivi, na unacheza kwa bawaba: ukishushwa, boti inataka maji ya kina cha mita moja na nusu, ukipandishwa, inapita kwenye maji ya mapajani. Kwa hiyo inakaa kwenye trela bila matata. Zimeshaundwa zaidi ya 15,000, na mwenye nayo hana haja ya kulipia gati. Anailaza nyuma ya nyumba, jirani na pipa la takataka.

Kwenye karatasi, mpango huo hauna kasoro.

Sasa tuseme mnunuzi ni mzaliwa wa Tanga aliyehamia Sacramento. Kwenda joshi na kupiga bisho anajua tangu utotoni, na ziwa Folsom halimtishi hata kidogo. Kinachomtoa jasho ni kupiga rivasi. Usukani ukikatwa kulia, trela inakwenda kushoto. Akiurekebisha, trela inajikunja kabisa, omo inachungulia dirisha la dereva. Mkewe amesimama kwenye mteremko, maji vifundoni, mkono juu.

"Kushoto, baba watoto, kushoto!"

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwa boti!"

Nyuma yao foleni imeshatanda, na katika kila gari yumo bwana mwenye ushauri.

Hayo ni baada ya shughuli ya mlingoti, ambayo hufanyika pale kwenye maegesho. Mlingoti wa Catalina 22 ni wa alumini, una urefu unaozidi mita saba, nao husimamishwa kwa mmoja kusukuma kutoka sitahani na mwingine kuvuta kamba kwa mbele. Ukifika nusu ya njia, pale mabega yanapoanza kutetemeka, lazima waya mmoja unase kwenye kona ya kitu fulani. Anayesukuma hawezi kuachia, anayevuta hawezi kuachia, na aliye karibu na waya ni mtoto anayekula biskuti. Jambo moja halina utani: alumini haipatani na nyaya za umeme. Watu wamekufa kwa kugusisha milingoti kwenye nyaya zilizopita juu ya maegesho, ndiyo maana boti hizi hubandikwa onyo. Mtu aangalie juu kwanza.

Kisha unakuja mkanda. Mkanda wa nyuma, unaoifunga boti kwenye trela isiruke barabarani, ndio unaosahauliwa kuliko yote. Bwana anarudi nyuma, boti haielei. Anarudi tena. Bomba la moshi la gari linaanza kutoa mapovu, na beringi za magurudumu, zilizopata moto njiani, zinazamishwa kwenye maji baridi na kuyafyonza ndani, kazi ya fundi wiki ijayo. Boti bado imetulia. Mtoto wa biskuti ndiye anayeuliza ule utepe wa rangi ya chungwa ni wa nini.

Majini hatimaye, anashusha mkuku. Winchi yake iko ndani, chini ya kidato cha kuingilia chumbani, na inazungushwa kwa mkono huku mtu amechuchumaa makalio yakielekea abiria. Mshiko ukiponyoka na breki isiposhika, kilo 250 za chuma zinaamua kushuka zenyewe na mkono wa winchi unageuka pangaboi. Kidole kinachojaribu kuusimamisha hujuta. Zaidi ya hapo, chombo kikishika kasi, ule waya wa mkuku unatetemeka majini na boti nzima inavuma.

"Nani kawasha jenereta?" anauliza mke.

Wazoefu huuvalisha waya huo kipande cha bomba la mpira, kelele zikapungua.

Roger MacGregor, naye wa California, alipita njia nyingine. MacGregor 26X, iliyotoka katikati ya miaka ya 1990, farumi yake ni maji. Unafungua vali, tangi la chini linajaa maji ya ziwani zaidi ya kilo 600. Ukipandisha boti, yanamwagika yote na gari linavuta ganda jepesi. Juu ya hayo inakubali injini ya nguvu za farasi 50, jambo linalowaudhi wapenda tanga halisi. Waudhike. Manahodha wa Lamu wanaobeba mifuko ya mchanga mgongoni wangeitazama vali ile kwa wivu. Sharti ni moja tu: tangi lijae kabla tanga halijatwekwa, maana bila maji hayo upepo wa wastani unatosha kuilaza boti ubavu.

Jioni inabaki hesabu ya malazi. Catalina 22 huhesabiwa kuwa ya kulaza watu watano. Wawili wanalala omoni, miguu ikigombea pembe moja. Wawili wanalala juu ya meza, ambayo hushushwa ikawa kitanda, kwa hiyo hakuna anayekunywa chai mpaka wote waamke. Wa tano anaingizwa miguu kwanza ndani ya tundu lililo chini ya viti vya nje. Choo ni cha kubebeka, na mara nyingi kimewekwa chini ya godoro la omoni. Watano wanaenea kweli, mradi watatu kati yao wawe hawajaanza shule na hakuna aliyekunywa maji baada ya magharibi.