Jinsi ya Kujua Kila Kitu Kabla Kahawa Haijapoa

Kila baraza Pemba lina mtu wake wa "hebu niulizeni mimi". Dele la kahawa halijatua chini, keshawaambia wenzake jambo ambalo hakuna aliyepata kulisikia, nao wamebaki na vikombe mkononi. Kashata hununuliwa. Watoto hutumwa wakamwite akichelewa. Usidhani amesoma kukushinda. Pengine hata miwani ile ni ya mkwewe. Anachokijua ni namna ya kusema, na hiyo hufundishika. Kaa karibu, yakhe, nikupe siri.

1. Tupa vilivyochakaa

Vita vya Unguja vya tarehe 27 Agosti 1896, vile vilivyokwisha kabla ya mtu kumaliza chai yake, usiviguse. Kila mtoto wa skuli anavyo. Freddie Mercury kuzaliwa Unguja, kila mtembeza watalii analo. Ukileta haya barazani utaonekana umetoka usingizini.

Lakini usiyatupe mbali. Subiri mwenzio ayataje. Akisema vita vile vilichukua dakika 38, inua kidole polepole, tabasamu kama daktari, useme: "Wengine wanasema 45." Ni kweli, wako wanaosema hivyo. Hukuleta khabari yoyote, hukusimulia kitu, na tayari watu wanakutazama wewe. Kusahihisha ni rahisi kuliko kusimulia, na hakuna gharama.

2. Wauzie watu mali yao wenyewe

Mjuzi mchanga hukimbilia mambo ya mbali: piramidi, mwezi, nyangumi. Kosa. Nani barazani ana haja na nyangumi? Mchukulie mtu kitu anachokifanya mara tano kwa siku, kisha umwoneshe hakijui.

Uliza hivi: "Kibla chetu sisi kiko upande gani wa dunia?" Wote watanyoosha mkono, na mikono yote itakuwa sawa. Sasa waambie wautaje upande kwa jina. Hapo utasikia kimya. Mmoja atasema mashariki, kwa kuwa ndivyo alivyosikia katika filamu. Mwache amalize. Kisha sema: kaskazini, moja kwa moja. Makka na Chake Chake ziko karibu juu ya mstari mmoja, zote baina ya nyuzi 39 na 40 za longitudo ya mashariki. Mtu angeondoka Pemba akaenda kaskazini bila kukata kona, angefika Makka akiwa amekosea kwa kilomita chache tu.

Watu wazima watageuka kuutazama msikiti kama wameuona leo. Usiwape nafasi ya kupumua, ongeza Misali. Wazee wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alifika pale akaomba msala, msala haukuwapo, akasali juu ya kisiwa chenyewe kwa kuwa kimeelekea Kibla. Ndipo kikaitwa Misali. Hapo umechanganya ramani na hadithi ya bibi, na mchanganyiko huo hakuna anayeupinga: mwenye kuipinga ramani ataiogopa hadithi.

3. Ukikosa asili, mtaje Mreno

Mreno alikaa pwani yetu muda wa kutosha kulaumiwa kwa kila kitu. Ukiulizwa neno limetoka wapi nawe huna jibu, mtupie yeye. Uzuri ni kwamba mara nyingi utapatia: meza ni yake, leso ni yake, bendera ni yake. Gereza nalo ni lake, na hilo ndilo la kuliweka mwisho, kwa sababu limetoka katika neno lao la kanisa, igreja. Kanisa liligeukaje jela? Usieleze. Kunywa kahawa. Watu watajieleza wenyewe, na maelezo yao yatakuwa matamu kuliko yako.

Mchezo wa ng'ombe pia, wazee wengi wanasema ni wa Mreno. Ng'ombe wa Pemba huchezwa, huchokozwa, huimbiwa, akakimbiza vijana hadi juu ya miembe, kisha akarudi zake kula majani. Hauawi. Mtu akikuuliza mbona Wahispania wanaua, mwambie kwa upole kwamba huko Ureno kwenyewe, kwa kawaida, ng'ombe hauawi mbele ya watazamaji. Hilo huwapendeza sana. Wapemba hupenda kusikia kwamba walichukua upande wenye heshima.

4. Shahidi wako awe amekufa

Kanuni hii ni kubwa, ishike. Kapteni Kidd, haramia, inasemekana alifukia hazina Misali. Nani wa kukanusha? Kidd alinyongwa London mwaka 1701. Hazina haijaonekana, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa: ingeonekana, wewe ungekuwa huna la kusema.

Mkama Ndume, mtawala wa kale wa Pemba, ni bora zaidi, kwa kuwa magofu yake yapo Pujini na mtu anaweza kwenda kuyagusa. Ngome ni ya karne ya 15. Jina lake, wanavyosimulia, maana yake ni mwenye kuwakama wanaume, na waliombebea mawe ya kujengea eti aliwaamuru waende wakijiburura kwa makalio. Ukifika hapa mtazame kila mtu machoni, kisha hamia kisimani. Kisima kimegawanywa kwa ukuta, na hadithi inasema kila mke alichota upande wake ili wasikutane. Ikiwa barazani kuna mwenye wake wawili, simama hapo hapo. Wenzake watamaliza kazi yako.

Kwa hadhira ya walimu, toa kitabu. Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, unakitaja kisiwa kiitwacho Menuthias, chenye majahazi yaliyoshonwa kwa kamba na watu wanaovua kwa vikapu vilivyosukwa. Wataalamu wanagombana: wengine Unguja, wengine Pemba, wengine Mafia. Wewe usigombane. Sema "Pemba", kisha muulize mvuvi aliye karibu dema lake amelisuka kwa kitu gani. Huo si ushahidi hata kidogo, maana vikapu hivyo vinasukwa pwani nzima. Lakini umwone yule mvuvi anavyonyanyuka kifua! Kura yake umeshaipata.

5. Namba isiwe nzima

Popo wa Pemba ni mtaji, na nashangaa watu wanavyompita pale hifadhini kwake Kidike bila kumtumia. Hapatikani pengine popote duniani. Ndugu zake wa karibu wako Madagaska, Komoro na huko Asia. Bara la Afrika, lililo hapo ng'ambo tu, halina hata mmoja wa ukoo wake. Akikunjua mabawa hufika zaidi ya mita moja na nusu. Hana habari na mapango, hulala mchana mtini, kichwa chini, amejifunika kama mzee mwenye homa. Na haongozwi na mwangwi kama popo wadogo wa darini. Hutegemea macho na pua yake. Kwa hiyo yule anayesema "kipofu kama popo" mwambie aende Kidike akatazamwe.

Yote hayo ni kweli. Lakini mtu atauliza: wako wangapi? Usiseme "wengi", utaonekana mshamba. Usiseme "elfu kumi", utaonekana umekisia. Taja namba yenye mkia mrefu, inayoishia na saba, uitaje kwa haraka kama nambari ya simu yako. Popo hawakai kuhesabiwa. Walipokuwa wakiliwa hadi wakakaribia kwisha, hakuna aliyewahesabu ila sufuria.

6. Jua mlango wa kutokea

Suali la kwanza ni sifa. Suali la pili ni hatari. Mpemba hakimbii mvua ndogo, lakini suali la pili si mvua ndogo, likija, ondoka. Usiseme "sijui", neno hilo limevunja mabaraza. Sema "hilo refu, tutakaa siku nyingine." Tazama saa. Ikiwa karibu na adhana, umeokoka, kwa kuwa hakuna wa kukuzuia asije akaonekana yeye ndiye anayechelewesha sala. Ndiyo maana mjuzi mzoefu huanza kusema dakika ishirini kabla ya alasiri.

7. Usiseme mbele ya mwenye kazi yake

Hii sikufundishwa na mtu. Niliilipia.

Ilikuwa msimu wa karafuu, kijiji kimoja si mbali na Wete, harufu imejaa mpaka kwenye nguo. Nilikuwa nimeketi na vijana waliotoka dago, mambo yananiendea vizuri. Nikawaambia asili ya mkarafuu ni visiwa vya Moluku, Indonesia. Wakatikisa vichwa. Nikawaambia kwamba Indonesia hiyo hiyo, wenye mti wao, wamekuwa wakinunua karafuu zetu kutilia kwenye sigara. Wakacheka. Nikawapa kimbunga cha mwaka 1872, kilichoangusha mikarafuu ya Unguja na kuipita Pemba karibu yote, ndipo Pemba ikashika usukani wa karafuu hadi leo. Mmoja akaniagizia kikombe cha pili.

Hapo ndipo nilipotakiwa kuinuka. Sikuinuka. Sifa, ndugu yangu, ni kama halua ya Wete, mkono hurudi wenyewe. Nikachukua karafuu moja, nikaiinua juu nikasema: "Na ajabu kuliko zote, mbegu ndogo kama hii..."

Pembeni yetu palikuwa na bibi mmoja amekaa juu ya jamvi anachambua, makonyo huku, karafuu kule, vidole vyeusi kwa mafuta. Mchana kutwa hakuwa amesema kitu. Akasema bila kuinua kichwa: "Mbegu?"

Nikasema, "Ndiyo, bibi, mbegu."

Akaokota moja mbichi, ya kijani yenye wekundu kidogo, akaishika baina ya kidole gumba na cha shahada. Akaitia ukucha kichwani. Kile kiduara cha juu kikabanduka chote kama kofia, akakiweka kiganjani mwangu. Yalikuwa majani laini ya ua, yamekumbatiana, hayajafunguka. Chini yake, mle kikombeni, zikatokea nyuzi nyembamba nyingi zimejikunja, nyeupe, kama mtoto aliyelala.

"Hii mbegu yako," akasema, "mbona imevaa kofia?"

Karafuu ni ua. Ni ua linalochumwa kabla halijachanua, na likichanua limeharibika, halina bei. Nimezaliwa kisiwa hiki, nimelala juu ya magunia yake, nimeitia kwenye jino bovu zaidi ya mara moja, na sikupata kuijua. Wale vijana walijua wote. Walikuwa wananiheshimu tu.

Nilifanya nini? Nililofanya ndiyo hatua ya mwisho, na wewe fanya hivyo hivyo. Nilimshukuru bibi, nikacheka kuliko wote, nikamaliza kahawa ya bure. Siku ya pili nikapanda boti Mkoani, na kabla hatujatoka gatini nilikuwa nimeshamgeukia abiria wa kando yangu, karafuu mkononi, ukucha tayari: "Hebu niambie wewe, hii ni mbegu au nini?"

Lichukue suali hilo, nakupa. Ila lisimulie Unguja. Pemba lina mwenyewe, na bado anachambua.