Pikipiki ya Ndoto Yapanda Mtumbwi
London ya miaka ya 1960, vijana wa mkahawa wa Ace Cafe walizipunguzia pikipiki zao kila kisicho cha lazima ili zikimbie. Kibiti mambo ni kinyume: ya ndoto ni ile inayoongezewa. Boxer ya Bajaj, chuma cha India, hutoka dukani ikiwa nyepesi. Kisha fundi anaanza. Bampa mbele na nyuma, keria ya magunia, siti yenye pindo linaloning'inia, spika mbili, taa za rangi chini ya tangi, na stika ya Simba au Yanga kuwakera abiria wa upande wa pili.

Kuipata nako ni shughuli. Wengi hushika chombo cha tajiri kwa mkataba: hesabu kila siku mpaka miezi itimie, ndipo kadi ibadilishwe jina. Siku hiyo kijana hukabidhiwa kweli pikipiki ya kuundwa upya, maana cheni imelegea, rimu imepinda, oili inachuruzika.

Lami ya kwenda Lindi inapita Kibiti na kuvuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003. Lakini kwenye delta ya mto huo, penye msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote Afrika Mashariki, anayetawala ni nahodha. Hapo mfalme wa barabara hulazwa ubavu mtumbwini, kati ya madumu na kuku, spika zimefungwa mfuko wa rambo (uliopigwa marufuku 2019, lakini nani wa kuukagua kwenye mikoko?).

Nahodha haulizi injini ni cc ngapi. Anatoza nauli ya mzigo.