Hongera kwa Stepla ya Betri

Hongera, jirani, kwa stepla ya betri. Ifakara yetu ina maabara ya utafiti tangu 1957 na mbu bado wapo. Sasa wamempata mbabe wao. Umepiga pini waya wa dirisha, tra-tra-tra, mtaa mzima umesikia. Fremu ya mtiki mkavu imekunja nusu ya hizo pini, nawe ukazimalizia kwa nyundo, ile isiyochajiwa. Betri inasubiri umeme urudi, ilhali mto Kihansi, wenye mitambo ya megawati 180, unamwaga maji humuhumu bondeni. Haya, mashine tumeiona. Ila mlango unauacha wazi hadi saa nne usiku ili wapita njia nao waione. Funga mlango, jirani.