Muulize Bi Shuwari: Ghorofa la Samaki

*Bi Shuwari, mume wangu kaleta tangi la samaki, jembamba na refu, likae kwenye kona ya sebule. Chini lina sentimita 30 kwa 30, kimo sentimita 45. Nataka samaki wengi, wa rangi, wasiogombana. Nichukue wepi?*
*– Mama Sebule, Tabata*

Mwanangu, kwanza nikupongeze kwa kuniandikia mimi, si yule mwenzangu wa gazeti jingine ambaye humwambia kila mtu achague samaki wa kufanana na mapazia. Simtaji jina. Mapazia yake mwenyewe nimeyaona.

Pili, asanteni nyote mliouliza kuhusu picha yangu mpya hapo juu. Sikujipaka chochote. Ni liwa tu na dhamiri safi. Tuendelee.

Mumeo amenunua ghorofa. Sasa shika hesabu, maana Bi Shuwari skuli alikuwa haguswi kwa hesabu, na mwalimu aliyesema vinginevyo amekwisha tangulia mbele ya haki. Thelathini mara thelathini mara arubaini na tano: ndani mna lita 40 na nusu. Ukitia mchanga na mawe zinabaki 35 hivi. Likijaa, uzito unapita kilo 40, kwa hiyo ile meza ya miguu ya vijiti uliyotunzwa na wifi yako isikaribie hapo. Lakini ghorofa hili lina mlango mmoja tu, na mlango wenyewe uko juu ya paa. Oksijeni huingia majini kupitia uso wa maji, na uso wako wewe ni sentimita za mraba 900 basi. Tangi hilohilo lingetengenezwa la kulala, uso ungekuwa 1,350, kwa maji yaleyale. Isitoshe, samaki wengi huogelea kwenda mbele na kurudi. Hawana haja ya lifti. Kwa hiyo kimo cha tangi kisikudanganye ukaongeza wapangaji.

Kuna bibi mmoja nilimweleza haya, akaenda moja kwa moja kulilaza tangi lake ubavu. Kwamba upande mmoja wa tangi hauna kioo, hilo hakuniuliza. Zulia lake sasa liko juani, na ushauri wangu uko palepale, mzima.

Ukifika dukani, muuzaji atakuonyesha samaki malaika wa Amazon, mwembamba, mrefu wa mapezi, anatembea kama bibi harusi. Atakuambia, "Huyu kaumbwa kwa tangi refu." Nusu ya maneno yake ni kweli, na wafanyabiashara huishi kwa nusu hiyo. Malaika hupenda kimo, ila mwili wake hufika sentimita 15 na mapezi hupita hapo. Lita zako hazimtoshi. Na wale neoni wadogo utakaomwekea wampambe, akikua atawameza mmojammoja bila hata kusema bismillahi. Samaki wa dhahabu naye usimguse: hupita sentimita 20, huishi zaidi ya miaka 10 akitunzwa, na uchafu wake unashinda kimo chake. Watu humwona mdogo siku zote kwa kuwa hawampi nafasi ya kuzeeka.

Mbuna wa Ziwa Nyasa? Rangi za kuua, na kuua kwenyewe hawashindwi. Kila mmoja ana jiwe lake na hataki kumwona jirani. Wa Kigoma ndio wenye adabu. Yuko mmoja anaitwa *Neolamprologus multifasciatus*, hazidi sana sentimita 4, kwao ni Ziwa Tanganyika lenye kina cha karibu mita 1,470, ziwa la pili kwa kina duniani. Pamoja na kina chote hicho, yeye kachagua kuishi ndani ya gamba tupu la konokono, juu ya mchanga. Huyo anahitaji sakafu pana. Ghorofa zako za juu zitabaki tupu, na mumeo atauliza pesa yake imekwenda wapi.

Sasa tuje kwa guppy, na hapa naomba unisamehe sauti ikipanda.

Mwaka 1866, bwana mmoja wa Trinidad, Robert John Lechmere Guppy, alikuwa amepeleka visamaki kwenye makumbusho ya London, The British Museum. Mtaalamu wa huko, Albert Günther, akavipa jina la bwana huyo. Baadaye ikaonekana kwamba samaki yuleyule alikwisha pewa jina na Mjerumani Peters tangu 1859, kwa hiyo kwenye vitabu jina la Peters ndilo lililobaki. Lakini mitaani? Mpaka leo dunia nzima inasema guppy. Mtu kapeleka samaki kwenye chupa, kapata jina la milele! Na haikutosha. Huyo Günther naye kapewa samaki wetu wa Unguja, *Nothobranchius guentheri*, dume lake lina mkia mwekundu unaowaka. Samaki wa vidimbwi vyetu! Maji yakikauka, wazee hufa, mayai hulala ndani ya tope mpaka mvua irudi, kisha watoto wanaanguliwa kama hakuna kilichotokea. Ustahimilivu wote huo, jina kachukua mtu wa makumbusho. Mimi nimefungisha ndoa, nimesuluhisha mirathi, nimewatoa majini watu na samaki, na hakuna hata dagaa mmoja anayeitwa Shuwari. Wataalamu wanaosoma safu hii wajue bado nipo hai na tahajia yake ni rahisi.

Ulikuwa unauliza nini? Ndiyo, guppy. Chukua madume matupu. Ukichanganya na majike utajuta, kwa kuwa jike huhifadhi mbegu za dume kwa miezi. Dume utalitoa, utalisahau, na watoto wataendelea kuzaliwa, na majirani wataanza kuhesabu vidole.

Dawa ya kugombana ninayo, ya siri ya ukoo. Kabla ya kuwatia samaki majini, waite wote, watajiwe masharti ya upangaji, mmoja awe mjumbe wa nyumba kumi, na mahari itolewe kwa fedha taslimu kupitia kwangu. Kama dawa hii ni ghali, basi tumia ya maskini: usichanganye. Chagua kaya moja kati ya hizi tatu.

Ya kwanza ni dume mmoja wa betta, peke yake, na konokono wa kumsikiliza. Wathai wamemfanya mnyama wa majini wa taifa lao tangu 2019, na anajua. Ukimwekea kioo cha kujitazamia atatunisha mashavu apigane na sura yake. Wanaume wa namna hiyo nimewajua. Usimchanganye na guppy, maana mkia wa rangi huudhani mkia wa mshindani. Hupanda juu kuvuta hewa, na mapezi marefu humchosha, kwa hiyo mpandie mimea inayofika karibu na uso wa maji apate pa kupumzika, na kichujio kisiwe na mkondo mkali.

Ya pili ni guppy madume watano. Ya tatu ni wale wetu wa Unguja: dume mmoja, majike wawili au watatu, na mfuniko, maana wanaruka. Huishi mwaka mmoja hivi, usije kuniletea kilio. Nunua waliozalishwa na wafugaji, usiende kuwachota vidimbwini.

Hita huhitaji, joto la Tabata linatosha. Mwachie dada yako wa Njombe. Ila usiingize mpangaji kabla choo hakijajengwa! Kinyesi cha samaki hutoa amonia, bakteria wa kwenye kichujio huigeuza nitriti, wengine huigeuza nitrati isiyo kali sana, na bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kuzaana. Kwa muda huo washa kichujio tangi likiwa na maji bila samaki, dondoshea chembe za chakula cha samaki, upime maji. Usome amonia sifuri, nitriti sifuri, ndipo ualike wageni. Baadaye badilisha robo ya maji kila wiki, na maji ya bomba uyatilie dawa ya kuondoa klorini kwanza. Ijumaa wasile, kufunga siku moja hakumdhuru samaki mzima. Umeme ukikatika pampu ya hewa inanyamaza, na ghorofa lenye mlango mmoja ndilo la kwanza kukosa pumzi. Chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu mpaka urudi.

Mita yangu imeanza kulia, unit zinakwisha, tumalize haraka. Mama Sebule: betta. Msomaji wa Morogoro uliyeuliza kama kambale ataelewana na neoni: ataelewana nao tumboni. Wa Kibaha: hapana. Na mama yako akiuliza tena, mwambie naye hapana.