Fadhila za Rekodi Pacha

Mteja aliyekaa mtandaoni saa mbili kisha akaletewa ankara ya saa nne hatazamiwi kuungana nami katika kumsifu rekodi pacha, wala hatazamiwi karani aliyeshika simu na kupokea ghadhabu za mteja huyo. Nami siwalaumu, kwa kuwa ni ada ya wanadamu kumchukia kila ahesabuye mara mbili, isipokuwa pale anapohesabu mishahara yao. Hata hivyo, katika viumbe vyote vilivyozaliwa zama za modemu na laini za simu, sijaona kingine kilichodhulumiwa sifa zake namna hii.

Nasaba yake ni ya heshima. Mnamo 1991 Merit, taasisi ya mtandao ya Michigan, ilitafuta njia ya kuwahakiki watu wapigao simu kuingia mtandaoni, na kampuni ya Livingston Enterprises ya California ikajibu kwa itifaki iliyokuja kuitwa RADIUS. Kanuni za uhasibu wake zilichapishwa Januari 1997, zikarekebishwa Juni 2000. Kwa kanuni hizo kila kikao huandikiwa rekodi ya kuanza na ya kukoma, na hii ya kukoma ndiyo ichukuayo sekunde zote za mteja. Mashine ipokeayo simu huipeleka kwa seva kwa njia ya UDP, ambayo haimdhaminii msafiri wake kufika, na kwa sababu hiyo mashine imeusiwa irudie kupeleka mpaka ipate jibu, na seva nayo imekatazwa kujibu kabla haijaiandika rekodi. Sasa jaalia rekodi imeandikwa barabara, kisha jibu likapotea njiani: mashine hurudia, seva huandika tena, na pacha huzaliwa. Baba yake ni uaminifu, mama yake ni wasiwasi. Mwana wa wazazi hao asiitwe haramia.

Lakini kinishangazacho zaidi ni adabu yake. Pacha hafiki kimya kama mgeni aliyechelewa karamuni akajipenyeza nyuma ya nguzo, bali hutaja mwenyewe sekunde alizochelewa, tano au kumi, katika nafasi aliyotengewa kwa ungamo hilo. Na kwa kuwa idadi hiyo imebadilika, sheria humlazimu achukue namba mpya ya utambulisho, ambayo ni baiti moja tu iwezayo kuchukua thamani 256, na muhuri mpya wa MD5. Hivyo seva iliyofundishwa kuwatambua warudiao kwa namba hiyo humtazama usoni isimjue, ikamkaribisha kama mtu mwingine kabisa. Amehesabiwa kuwa mwongo kwa sababu ya kusema kweli! Laiti karani angechukua saa ya kufika kwa kila mmoja, akatoa sekunde za ucheleweshaji, angeona wote wawili wakirejea katika wakati ule ule mteja alipokata simu.

Fauka ya hayo, yeye ni tabibu asiyedai ujira, kwa kuwa kutokea kwake huonyesha ugonjwa ulipo. Aghalabu hutokea pale hifadhidata inapoandika kwa uvivu na jibu likachelewa kupita subira ya mashine, au pale ukuta wa usalama unaporuhusu ombi kuingia na kuzuia jibu kutoka, au pale mashine ilipokata tamaa na seva ya kwanza ikageukia ya akiba, kisha madaftari ya seva zote mbili yakaunganishwa mwisho wa mwezi bila ya mtu kuyasoma.

Wako mabwana ambao, ili kumwondoa pacha, hufuta kila mstari wenye namba ya kikao iliyokwisha kuonekana. Hao nawaogopa. Kanuni zenyewe zinatoa mfano wa namba ya tarakimu nane za hesabu ya kumi na sita, mbili za mwanzo zikipanda kila mashine iwashwapo upya na sita zinazobaki zikihesabu vikao hadi kiasi cha milioni 16. Bali mashine isiyofuata mfano huo huweza kuanza tena sifuri baada ya umeme kukatika, na namba iliyokuwa ya mtu mmoja asubuhi ikawa ya mwingine jioni. Bwana mfutaji humwua basi asiye na hatia kwa kosa la kushiriki jina, na rekodi iliyofutwa haina wakili, ilhali pacha ni shahidi wa ziada ambaye hupunguzwa kwa kalamu. Sharti yatazamwe pamoja na namba hiyo jina la mteja, anwani ya mashine na mlango aliopitia.

Na wako wengine, wajuzi zaidi, waliouwekea jedwali la hifadhidata ufunguo wa kipekee ili pacha akataliwe mlangoni. Ni hila njema, ila pale mtungaji wa programu asipoieleza seva kwamba kukataliwa huko ni kheri. Maana seva hudhani imeshindwa kuandika, na kwa kutii amri isijibu, na mashine, nayo kwa kutii, hupeleka wa tatu, kisha wa nne, kila mmoja akikiri kwa adabu kwamba amechelewa kidogo kuliko mwenziwe.