Ganda la Kinini cha Nyanya

Mama mdogo ndiye aliyemwaga ndoo ya usiku ya nyanya, na asubuhi ile akaona humo kinini kizima. Alikiosha, akakileta jikoni kwenye kisahani. "Dawa hii haifanyi kazi. Imeingia nzima, imetoka nzima."

Ilikuwa nifedipine ya tansiyo (presha), miligramu 60, iliyotumwa na mjomba kutoka Marekani, ikapitia Uvira na Baraka hadi kwetu milimani Bibokoboko. Dawa iliyosafiri hivyo haitupwi. Mama mdogo akatwanga kinini cha siku hiyo, akakikoroga katika maziwa ya moto. Nyanya akanywa yote, akamshukuru.

Jua halijafika utosini, nyanya aliinuka kwenda uani, magoti yakamwacha mlangoni. Moyo ulimwenda mbio, macho yakaingia giza. Tulimlaza, miguu tukaiegemeza juu ya gunia la maharagwe, kijana akakimbia kumwita muuguzi.

Muuguzi alipima, akaagiza asisimame, kisha akakipasua kwa wembe kile kinini cha kwenye kisahani. Ndani mlikuwa na ute tu. Karibu dawa yote ilikuwa imetoka kupitia kitundu kilichotobolewa kwa miale ya leza.

Kinini hicho kina matabaka mawili ndani ya ganda. Ganda huruhusu maji ya tumboni kuingia, lakini haliyeyuki. Tabaka la chini, lenye chumvi na polima, hunywa maji hayo na kuvimba kama maharagwe yaliyolowekwa, likiisukuma dawa ya juu itoke tunduni kidogo kidogo, mchana na usiku. Felix Theeuwes wa kampuni ya Alza, California, alieleza kinini cha tabaka moja mwaka 1975. Nifedipine, kwa kuwa huyeyuka kwa shida majini, ilihitaji tabaka la pili la kuisukuma. Ukikitwanga, dawa ya saa 24 inaingia mwilini kwa mkupuo, na presha inaporomoka.

Karatasi ya boksi ilionya hayo yote, kwa Kiingereza. Nyumbani tulisoma Kifaransa na Kiswahili. Ndiyo maana simlaumu mama mdogo: yeye peke yake alichunguza kama mgonjwa anapata dawa yake.

Muuguzi alikaa hadi jioni, akipima tena na tena. Kabla ya kuondoka aliuliza kama nyanya amewahi kupasuliwa tumbo, maana ganda laweza kukwama mahali utumbo uliposinyaa baada ya upasuaji.

"Kisu hakijanigusa," nyanya akajibu.

Basi akaandika: kesho apumzike, keshokutwa ameze kizima, kwa maji.