Mashine Moja, Washauri Mtaa Mzima

Ukitaka kujua hapa Ipuli, Tabora, kuna wataalamu wangapi wa mashine za kufulia, tangaza kwamba yako inakata roho. Muuza mkaa ana maoni. Kijana wa bodaboda ambaye kaptula yake haijaonja sabuni tangu masika, naye ana maoni. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, ambaye nguo zake zinafuliwa na mabinti zake kwenye beseni, alinihutubia kuhusu ubora wa vyuma vya Kijerumani, na ushahidi wake ulikuwa reli: Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912, na mpaka leo treni inapita. Nikamwambia, mwalimu, mimi sinunui behewa. Akanitazama kwa masikitiko. "Ndiyo shida yenu, hamtaki vitu vya kudumu."

Mashine yenyewe ni ya kufungua juu, tuliyoinunua kwa mtumishi wa serikali aliyepata uhamisho. Imetufulia kwa uaminifu mkubwa, ila siku hizi ikifika kwenye kukamua inanguruma na kuanza safari. Inatoka bafuni, inashika korido, na kama si waya kuizuia ingefika sebuleni kusalimia wageni. Fundi alikuja, akaizungusha ngoma kwa mkono, akatega sikio, kisha akatikisa kichwa kwa ile huzuni ya mafundi inayopandisha bei.

"Mzee wangu, beringi zimekwisha. Sili ilivuja, maji yakaingia, kutu ikala."

"Si tubadilishe?"

"Tulishabadilisha. Sasa hivi shafti yenyewe imelika."

Basi ikabidi niingie mjini. Dukani nilipokelewa na kijana mwenye tai, mchangamfu kupita kiasi, akaniita bosi, mkuu na mzee ndani ya sentensi moja ili asikose hata mmoja. Akanipeleka moja kwa moja kwenye mashine ya mlango wa mbele, yenye kioo, taa na programu 15. Kuna programu ya sufi. Kuna ya hariri. Mimi nina mashati, kanzu ya Ijumaa na mashuka. Akasema inakamua kwa mizunguko 1,400 kwa dakika, nguo zinatoka karibu zimekauka. Kijana huyu nadhani jua la Oktoba la Tabora hajawahi kulipa shati lake likaushe, maana hapa ukianika upande wa kwanza wa kamba, ukimaliza wa pili unaanua wa kwanza. Mizunguko 1,400 ya nini? Halafu akashusha sauti, kana kwamba ananiuzia magendo: mashine inaunganishwa na intaneti, ikimaliza kufua inakutumia ujumbe kwenye simu. Ndugu yangu, simu yangu haikosi jumbe za watu wanaonidai. Sina haja ya ndoo nayo kunitafuta.

Nilimwuliza jambo moja tu: inataka maji ya nguvu gani? Akasema maji ya kawaida. Nikaomba kijitabu, nikakuta kwamba kikomo cha chini ni nusu bar. Hapo hesabu ni ya darasani: kila mita 10 za kimo cha maji ni kama bar moja, kwa hiyo nusu bar inataka tanki liwe mita 5 juu ya bomba. Simtanki langu limekaa juu ya mnara ambao fundi mwashi aliujenga kwa tofali zilizobaki, na tofali zenyewe hazikubaki nyingi. Tunashukuru, maji ya Ziwa Victoria yametufikia, yametoka huko Ihelele, Misungwi, yakapita Shinyanga na Nzega mpaka mjini kwetu, na wakongwe waliotegemea bwawa la Igombe wanajua hiyo ni neema ya namna gani. Lakini bomba lina siku zake, na siku zisizo zake tunategemea simtanki. Mashine ya kioo ikikosa msukumo haivumilii. Inawasha herufi nyekundu, inalia, inasimama.

Na umeme je? Usiku wa Jumapili mmoja, kwa jirani wa nyumba ya pili, umeme ulikatika mashine ya aina hiyohiyo ikiwa katikati ya kazi, imejaa maji na sare za shule za watoto wote. Mlango wa mashine hizo hujifunga wenyewe kwa usalama, na maji yakiwa ndani haufunguki. Tulikwenda wote na tochi. Watoto walipanga pua zao kwenye kioo, kila mmoja akalitambua shati lake likielea pale, umbali wa kidole, halishikiki. Baba yao akataka nyundo. Mama yao akamwambia akiigusa hiyo mashine atalala nje. Mwishowe binti mkubwa alisoma kijitabu, akagundua kule chini kuna kifuniko kidogo cha kichujio cha kutolea maji kwa dharura. Wakakifungua bila kutanguliza beseni. Jumatatu watoto walikwenda shule na sare mbichi, na zulia la sebule likaanikwa uani wiki nzima.

Shemeji yangu wa Mwanza alikuwa na dawa yake: nisubiri mitumba. Akaniahidi mashine ya Japani, safi, imetumiwa na bibi mmoja mpole. Siwasemi vibaya mabibi wa Japani, lakini umeme wa kwao ni wa volti 100 na wetu ni wa 230. Kuichomeka hiyo ukutani Ipuli bila transfoma ni kuichinja bila bismillahi.

Sasa tuje kwenye dhamana, maana hapo ndipo kijana wa tai alipokunja mikono kifuani. Mota ina dhamana ya miaka 10! Nikamwuliza, na bodi ya umeme? Mwaka mmoja. Na beringi? Akakohoa. Fundi wangu alishaninong'oneza siri: mashine nyingi za siku hizi tangi lake la plastiki limeunganishwa moja kwa moja kiwandani, hivyo kubadili beringi ya bei ndogo lazima tangi likatwe kwa msumeno au linunuliwe zima. Wenzetu wameliona hilo. Ufaransa, Januari 2021, mashine ya mlango wa mbele ilianza kuuzwa ikiwa na alama ya urahisi wa kutengenezeka, mwisho 10. Umoja wa Ulaya nao, kuanzia Machi mwaka huohuo, unambana mtengenezaji awe na spea kwa angalau miaka 10 baada ya kuacha kuuza toleo hilo, na zimfikie fundi ndani ya siku 15 za kazi. Ipuli alama inatolewa na fundi mmoja aliye chini ya mwembe, na kigezo chake ni bisibisi: ikifunguka, umefaulu.

"Ikisumbua, bosi, unaipeleka tu Dar kwa wakala wetu."

Tu! Kungoja vitu kutoka pwani ni mambo tunayoyajua sisi. Pale Kwihara, jirani na mji wetu, Stanley alimwacha Dk. Livingstone mwezi Machi 1872, akaenda pwani kumtafutia watu na vifaa, na mzee wa watu akangoja hadi Agosti. Mwaka uliotangulia alikuwa amefika Ujiji na kukuta aliyekabidhiwa bidhaa zake ameshaziuza zote. Hao ndio mawakala. Halafu uzito: mpagazi wa Kinyamwezi alijitwika kilo 30 na ushei akaonekana shujaa, na mashine hii inapita kilo 60, kwa sababu ndani imefungwa zege ili isiruke inapokamua. Nilipe nauli ya kulisafirisha zege zaidi ya kilomita 800 hadi Dar, zege ambalo Ipuli linauzwa kila kona, kisa swichi ya mlango!

Mke wangu alisikiliza haya yote akichambua mchele, kisha akasema tunanunua ile ya matangi mawili, ya kuzungusha kitasa. Kijana wa tai alikuwa ameificha nyuma ya majokofu kwa aibu. Nusu ya kazi unafanya mwenyewe: unamwaga maji kwa ndoo, unahamisha nguo kwenda tangi la kukamulia. Ila haijali msukumo wa maji, umeme ukikatika unafungua kifuniko na kuchukua shati lako, na maji ya sabuni yaliyofua nyeupe yanafua za rangi, kisha matambara, kisha yanamwagwa uani kutuliza vumbi. Niliponung'unika kwamba bado kutakuwa na kazi ya mikono, aliniuliza ni mikono ya nani ninayoihurumia. Sikuendelea. Msweden mmoja, msomi wa takwimu Hans Rosling, alisimulia mwaka 2010 jinsi bibi yake alivyokaa mbele ya mashine ya kwanza ya familia akaitazama tangu mwanzo hadi mwisho wa kufua. Babu hakutajwa amekaa wapi.

Fundi amekuja kuikagua mpya. Ameifungua mgongo kwa bisibisi moja, akaona mkanda, mota, kapasita, vyote mahali pake na vyote anavyo kwenye boksi lake, akaifunga bila kusema neno, kama mtu aliyenyimwa chakula. Kisha akaiulizia ile ya zamani. Ngoma yake ni ya chuma kisichoshika kutu, ina matundu pande zote, ukiiwekea miguu mitatu ni jiko la nyama choma. Mke wangu amemtajia bei. Fundi anasema yeye ndiye alipwe, maana anatuondolea uchafu. Mwalimu mstaafu amesikia mabishano ukutani kwake na amekwishavaa viatu.